Sketi ya mtindo wa 1895: kwa nini yako imelala

Dada, umesema ulichukua satini mita 4, ukaivuta mikunjo kiunoni pande zote, na sketi yako ya igizo la Uingereza ya 1895 inalala miguuni badala ya kusimama kama kengele. Nashona mavazi ya jukwaani huku Uingereza, na sketi yangu ya kwanza ya aina hiyo ilinilalia vivyo hivyo.

Kwanza ukataji. Kufikia 1895 ule mto wa nyuma uliotamba miaka ya 1880, uliovaliwa ndani kuitunisha sketi makalioni, ulishaachwa, na upana ukawa unatoka kwenye mkato wenyewe. Mimi hukata vipande saba, vyembamba juu na vipana chini. Mbele na ubavuni panakaa bapa kabisa, bila rinda hata moja; mikunjo yote inarundikwa nyuma, upana wa kiganja tu. Kila kipande, ukingo unaotazama mbele ufuate uzi wa kitambaa, ule wa nyuma uende mshazari. Ukiviunga, ukingo ulionyooka unaushika ule wa mshazari usivutike. Jaribu kwanza kwa marikani, satini si kitambaa cha kukosea.

Ila kinachoisimamisha hasa ni kilichomo ndani, na hapo ndipo ningekuomba usibane matumizi. Usishone bitana kama sketi ya pili inayoning'inia, tulivyozoea kwenye magauni ya siku hizi. Kata bitana ya pamba nzito kwa vipande vilevile, laza kila kipande cha satini juu ya chake, piga bandi, yaani mshono wa muda, kuzunguka, kisha shona viwili hivyo kama kitambaa kimoja. Satini inapata mwili papo hapo. Upande wa ndani wa upindo ongeza ukanda wa kanvasi ngumu, sentimita 25 kwenda juu. Mafundi wa wakati ule walitumia kitambaa kilichofumwa kwa singa za farasi. Mimi nimetumia kanvasi ya makoti ya suti na imefaa. Mikunjo ya nyuma nayo ishikize kwa ndani na kipande cha lastiki, chini kidogo ya kiuno, isitawanyike mwigizaji akitembea.

Kiunoni tia mkanda mgumu na kulabu, uwazi ukae nyuma katikati. Zipu achana nayo, haikuwepo kwenye nguo za enzi hizo.

Gagulo lishone kabla ya kupima urefu. Mimi nililiacha mwisho. Nikakunja upindo siku ileile niliyomaliza kuunga vipande, na baada ya siku mbili pande za mshazari zilikuwa zimeshuka vidole viwili, mbele pakabaki juu. Nilifumua upindo wote usiku wa kuamkia onyesho, machozi yananitoka. Siku hizi naining'iniza sketi usiku mbili, kisha mwigizaji anaivaa na gagulo lake na viatu vyake, nami napiga magoti na rula, nikipima kutoka sakafuni kwenda juu, naweka chaki kila baada ya kiganja.

Ukishakunja, zungushia ukingo wa chini utepe wa mahameli, uchungulie kidogo tu. Wanawake wa mjini waliuweka ili uchakae wenyewe barabarani, kisha wakaubandua na kutia mwingine, satini ikabaki salama.