Skana ya mkono au simu? Majibu ya karani anayezunguka vijijini

Mkuu, umeuliza kama ile skana ya mkono, ile ndefu kama rula nene unayoiburuza juu ya karatasi, inafaa kununuliwa wakati simu yako inapiga picha safi. Mimi ni karani wa ofisi ya mawakili Morogoro. Kesi zetu nyingi ni za mashamba na mirathi, na hiyo skana nazunguka nayo Kilosa, Gairo na Mvomero, huu mwaka wa nne. Kama kazi yako ni karatasi moja moja, usipoteze hela, baki na simu.

Simu ukiitumia vizuri inatosha kabisa. Sogea dirishani, angalia kivuli chako kisiangukie karatasi, basi. Google Drive ya Android ina sehemu ya kuskani humo humo, na iPhone wanayo kwenye Notes tangu 2017. Usipakue tu kila programu unayoiona. CamScanner, ambayo ofisini kwetu kila mtu alikuwa nayo, iliondolewa kwa muda Play Store mwaka 2019 baada ya Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, kukuta kirusi kwenye sehemu yake ya matangazo. Ilisafishwa ikarudi, lakini sisi tunabeba hati za watu.

Skana inaishinda simu kwenye kaunta buku. Ukikutana na mihtasari ya kijiji ya miaka kumi kwenye buku moja nene, kurasa hazilali, na picha ya simu inakuja na maneno ya karibu na mshono yamejikunja. Skana inaulaza ukurasa inapopita. Hata hivyo ncha yake ina ganda, kwa hiyo maneno yaliyozama kabisa mshononi utayakosa, labda mtendaji akukandamizie buku kwa mikono miwili. Wengine hukandamiza kwa moyo, wengine wanaangalia simu.

Namba za kwenye boksi zisikubabaishe. Kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, karatasi ya A4 inatoka na pikseli kama 2,480 kwa 3,508, na maandishi ya kalamu yanasomeka bila shida. Ukipandisha hadi 600 lazima mkono uende polepole zaidi. Ukikimbia, taa inakuwa nyekundu na herufi zinabanana. Mkono ukiyumba, mistari inapinda kama barabara ya Kitonga. Nilifanya mazoezi wiki nzima kwenye magazeti ya zamani kabla sijagusa hati ya mtu, na bado niliharibu.

Ilikuwa Gairo, kwa bibi mmoja. Mkataba wa mauziano ya shamba wa 1987, umekunjwa mara nne, unakaa kwenye kopo la maziwa. Nikauburuzia skana mkavu mkavu. Kigurudumu cha chini kikanasa kwenye kunjo, karatasi ikachanika upana wa kidole. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, hiyo karatasi ndiyo shamba." Na kweli, nakala ya skana hata iwe safi vipi, hakimu atataka kuona ile halisi.

Tangu siku hiyo natembea na plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ile wanayobaindia ripoti steshenari. Naiweka juu ya karatasi, skana inapita juu yake. Ung'avu unapungua kidogo, lakini hakuna kinachochanika.

Mengine ni madogo. Futa kioo cha chini kila mara, maana punje moja ya vumbi inachora mstari ukurasa mzima. Beba betri za akiba. Yangu ukiitoa betri saa inarudi mwanzo, na mafaili yanasoma mwaka wa ajabu, kwa hiyo naanza kila jalada kwa kuskani kipande cha karatasi chenye jina la mteja na tarehe. Jioni hamishia kwenye laptop kabla hujala, ukishakula utalala.

Nilirudi kwa yule bibi mwezi uliofuata. Safari hii alishika kona mbili za karatasi mwenyewe, plastiki ikiwa juu, nikaburuza taratibu, taa kijani mpaka mwisho. Kabla sijazima mashine, mkataba ulishakuwa ndani ya kopo.