Misumari ya paa kuoza kabla ya bati

Ndugu yangu, umesema nyumba yako ya Bagamoyo ina miaka minne tu na tayari kila msumari wa paa una duara la kutu, ilhali sufuria ya alumini iliyosahaulika uani haina hata doa. Usimlaumu muuza bati, tazama misumari.

Chuma hushika kutu kikipata maji na oksijeni, na chumvi ya upepo wa bahari huharakisha kazi hiyo. Kutu yenyewe ni ganda legevu: inabanduka, chuma cha chini kinabaki wazi, inaanza upya. Alumini kwa asili ni kali kuliko chuma, yaani huungana na oksijeni upesi zaidi, ila ikigusa hewa hujivika utando mwembamba unaong'ang'ania, ikatulia. Zinki, madini yaliyopakwa juu ya bati la chuma, nayo huliwa kwanza badala ya chuma. Ukipigilia msumari mtupu, usiopakwa zinki, zinki ya kandokando ya tundu huisha ikiulinda, kisha bati linafuata.

Ng'oa misumari hiyo mitupu, weka misumari iliyopakwa zinki, yenye mpira chini ya kichwa. Na bomba la shaba lisigusane na bati. Mvua ikinyesha, litakaloliwa badala ya shaba ni bati.