Marufuku ipo, mguu bandia uko wapi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini bado una maana wakati nchi zimeanza kujitoa? Nasema una maana, tena kubwa. Ila naomba tusiishie kuhesabu nani kaingia na nani katoka, maana kuna watu ambao katika mjadala huu hukumbukwa mwishoni kabisa, nao ndio waliostahili kutangulia. Ni wale ambao tayari wamelikanyaga bomu.

Kwanza hao wanaojitoa. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland zilitangaza kuuacha mkataba huu, uitwao Mkataba wa Ottawa, kwa kuihofia Urusi. Hofu yao ni ya kweli na siidharau. Lakini bomu likishafukiwa halina amiri tena. Mafuriko hulihamisha, ramani hupotea, aliyelitega hufa au husahau, na vita vikiisha lenyewe halipati habari. Mwaka 2023 watu 5,757 walirekodiwa kuuawa au kujeruhiwa na mabomu haya pamoja na masalia mengine ya vita. Kati ya wale ambao ilijulikana kama ni askari au raia, asilimia 84 walikuwa raia. Silaha ambayo wengi wa wanaoumizwa nayo ni wakulima, wachungaji na watoto haiwezi kuitwa ulinzi wa mpaka, hata kama aliyeitega alikuwa na nia hiyo.

Na marufuku imefanya kazi. Mashirika sita yalipoanzisha kampeni mwaka 1992, wakubwa wengi wa majeshi waliona ni ndoto. Desemba 1997 mkataba ukatiwa saini Ottawa, na mwaka huohuo kampeni hiyo na mratibu wake, Jody Williams, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tangu uanze kutumika tarehe 1 Machi 1999, mabomu zaidi ya milioni 55 yaliyokuwa maghalani yameteketezwa. Msumbiji, ambayo watu wengi waliamini ingechukua vizazi kusafishwa, ilitangaza Septemba 2015 kwamba imemaliza maeneo yake yote yaliyojulikana.

Sasa soma mkataba wenyewe, uone panapouma. Nchi mwanachama inapewa miaka 4 kuteketeza akiba yake, na miaka 10 kusafisha ardhi yake, ikishindwa iombe nyongeza mbele ya wenzake na kujieleza. Lakini kwa majeruhi? Kifungu cha 6 kinasema kila nchi "yenye uwezo wa kufanya hivyo" itasaidia matibabu yao na kuwarudisha katika maisha ya jamii na ya kujipatia riziki. Basi. Hakuna mwaka wala tarehe, na hakuna wa kuitwa ajieleze. Natambua kwamba huu ulikuwa mkataba wa kwanza wa kuzuia silaha kuwataja wahanga kabisa, na wanaharakati walipigania kifungu hicho. Lakini kutajwa hakumpi mtu mguu.

Wengi hatuelewi bomu hili linafanya nini mwilini. Yaliyo mengi hutengenezwa ili kulemaza kuliko kuua. Mlipuko husukuma udongo, majani, vipande vya kiatu na vya mfupa kwenda juu ndani ya nyama, kwa hiyo daktari hulazimika kukata juu zaidi ya pale mguu ulipochanika, kisha huliacha jeraha wazi kwa siku kadhaa kabla ya kulishona, asije akafungia uchafu ndani. Kunahitajika damu nyingi, upasuaji zaidi ya mmoja, na baadaye mazoezi ya viungo. Hapo mtu hajaanza hata kujifunza kutembea.

Mtoto ndiye anayenisumbua zaidi. Mfupa wa kigutu chake hukua haraka kuliko nyama inayoufunika, na wakati mwingine hutoboa ngozi, akatwe tena. Mguu bandia unaomtosha leo utambana baada ya miezi michache. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa limewahi kukadiria kwamba mtoto wa miaka 10 mwenye matarajio ya kuishi miaka 40 au 50 zaidi atahitaji miguu bandia 25. Ishirini na mitano! Mfadhili anayekuja mara moja, akapiga picha na mtoto akiwa na mguu mpya, amelipia mmoja.

Nchi zilipokutana Nairobi mwaka 2004 kuutathmini mkataba, zilikubaliana kwamba kuwahudumia wahanga ni wajibu, si sadaka. Mwaka 2008 mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya vishada, yaani bomu moja linalomwaga vibomu vingi, ukaenda mbele zaidi: kila nchi inawajibika kwa wahanga walio kwenye ardhi yake, na familia zao zinahesabiwa kuwa wahanga pia. Hilo la familia ni sahihi kabisa, kwa sababu baba akikatwa miguu, mara nyingi kuna binti anayeacha shule amuuguze.

Kwa hiyo, mkiniuliza tudai nini, nadai Kifungu cha 6 kipewe muda kama vilivyopewa vifungu jirani zake. Kila nchi yenye majeruhi iwe na orodha yao, iwe na karakana ya viungo bandia wanayoweza kuifikia, na mafundi wake walipwe kutoka bajeti ya wizara ya afya, ili mfadhili akiondoka kazi isisimame. Nchi tajiri, hasa zilizowahi kutengeneza na kuuza mabomu haya, zichangie kila mwaka kwa kiwango kinachojulikana. Na nchi inayotaka kujitoa ieleze hadharani, kabla ya kutega la kwanza, ni nani atakayelipia ile miguu 25.