Jibu: Video ya Kiingereza, Kidato cha Kwanza kimya

Salaam mwalimu. Umesema wanafunzi wako wanatazama video ya baiolojia ya Kiingereza, wanacheka, ukiuliza swali wote kimya. Kwanza kagua spika: kaa mwenyewe dawati la nyuma usikilize. Darasani kwangu hapa Moshi mvua ikipiga bati hakuna kinachosikika.

Sauti ikiwa sawa, basi ni lugha. Wengi wamesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili. Mimi hukata kipande cha dakika 3 tu, naonyesha bila sauti, wanasimulia kwa Kiswahili (hapo ndipo utajua nani kaelewa, na utashangaa). Kisha naandika ubaoni maneno 6 ya Kiingereza, ndipo narudia na sauti. Pakua mapema uweke kwenye flashi, bando halina adabu. Kwa somo la hesabu sijajaribu njia hii.