Nyumba ya kukodisha: semeni yote siku ya kupeana funguo

Wengi wetu tunaokodisha nyumba hapa Unguja si matajiri. Ni mwalimu wa skuli aliyejenga Fuoni kidogo kidogo, akahamia upande mmoja na upande wa pili akaukodisha. Ni mjane wa Jang'ombe mwenye vyumba vya uani. Ni ndugu walioachiwa nyumba na wazee, mmoja tu kati yao yuko hapa, na ndiye anayebisha hodi kila mwezi. Mimi ni huyo wa mwisho. Kwa miaka mingi naisimamia nyumba ya marehemu baba huko Magomeni kwa niaba ya ndugu zangu, na ninayoyaeleza hapa yametoka humo.

Wapangaji hawakosekani, khasa ukiwa karibu na njia ya daladala. Kinachotuharibia ni muhali. Mpangaji ameletwa na jirani, au ni mtoto wa shoga yake mama, basi unaona haya kumuuliza anafanya kazi gani, unaona haya kumpa karatasi atie saini. Mnapeana funguo kwa bashasha, na baada ya miezi michache hamsalimiani tena.

Andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe na liwekewe mashahidi, na inatukataza kuchoka kuliandika, liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo atakayekwambia kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana, mkumbushe aya hiyo kwa upole. Kwangu mimi anaandika kila mtu, na ndugu wa damu ndiye wa kwanza kuandika, maana nikigombana na mgeni nimepoteza mpangaji, lakini nikigombana na ndugu nimepoteza zaidi ya hapo.

Mkataba hauna haja ya kuwa mrefu. Taja kwa majina wote wanaoingia, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, pesa ya dhamana, muda wa kuarifiana kabla ya kuhama, na nani analipia umeme, maji, taka na karo (shimo la maji machafu) likijaa. Ongeza kwamba mpangaji haruhusiwi kumkodisha mtu mwingine. Siku hizi kipengele hiki kina uzito. Mtu anaweza kukodi kwako kwa bei ya mwenyeji, kisha akaitangaza nyumba mtandaoni kwa watalii, na wewe ukaja kujua pale sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, anapokuuliza wageni wale ni akina nani.

Ukishamtaja sheha, mpeleke mpangaji kwake mapema na kivuli cha kitambulisho. Sheha anatakiwa kuwajua wanaoishi katika shehia yake, na mpangaji mwenyewe atamhitaji siku atakapotaka barua. Tena akishamjua mtu wako tangu siku ya kwanza, siku mkimwendea na ugomvi hatoanza kwa kuuliza huyu ametoka wapi. Na kabla ya kukabidhi funguo, zungukeni nyumba pamoja mpige picha kwa simu: milango, vioo, choo, mfereji, namba inayosomeka kwenye mita.

Mita ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kuliko hata kodi. Nyumba zetu nyingi za vyumba zina mita moja ya TUKUZA, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, na watu wanachangishana kununua umeme. Chumba kimoja kina taa na feni tu. Cha pili kina friji linaloganda barafu za kuuza mchana kutwa. Ukisema kila mmoja atoe sawa, mwenye taa na feni anamlipia mwenzake biashara, na hata akinyamaza, moyoni hajaridhika. Dawa ni kila mpangaji awe na mita yake ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Gharama yake ni ya mara moja, na mimi naihesabu kuwa sehemu ya ujenzi kama mlango. Ikiwa hilo halijawezekana, mwite fundi umeme anayejulikana afunge mita ndogo ndani kwa kila chumba, na mzisome mwisho wa mwezi wote mkiwepo. Mwenye biashara ya barafu kwetu alikubali bila ya ugomvi wowote. Naye alikuwa anataka kujua friji lake linakula kiasi gani.

Usisahau pampu. Mitaa mingi maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, huja kwa zamu, mara nyingi usiku, na bila ya pampu hayapandi kwenye tangi la juu. Pampu hiyo inakula umeme wa mtu. Ikiwa imeunganishwa kwenye mita ya mpangaji mmoja na wote wanaoga, umemdhulumu. Iunganishe kwenye mita yako na gharama yake uitie ndani ya kodi tangu mwanzo.

Kuhusu kodi, wengi hudai miezi sita kwa mkupuo. Siwalaumu, fedha za kuezeka na kupaka rangi hupatikana hivyo. Lakini tazama mpangaji wako anapata riziki wapi. Anayefanya kazi hoteli za Nungwi au Paje hupungukiwa mwezi wa Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, watalii wakaondoka na baadhi ya hoteli zikafunga au kupunguza watu. Mkataba ukimalizikia Aprili, umemwita akulipe siku ambayo hana. Mimi hupanga tarehe iangukie Agosti au Januari, na kama mkataba unaanza wakati mwingine, wa kwanza tunaufupisha ili ufike hapo. Kwa wenzetu wa Wete na Chake Chake kule Pemba, mtu anayetegemea karafuu ana fedha baada ya mavuno. Ukiijua kalenda ya mtu, madeni mengi hayazaliwi kabisa.

Matengenezo yafanye kipindi cha kaskazi, kabla ya Machi. Panda mwenyewe juu ya paa, au umpandishe fundi nawe ukiwa chini unamsikiliza. Bati letu linaliwa na hewa ya chumvi, na misumari ndiyo inayotangulia kuoza. Safisha michirizi, nyonya karo kabla ardhi haijajaa maji. Wenye nyumba za Mji Mkongwe wana la ziada: kuta zile ni za mawe na chokaa, zinahitaji kupumua, na ukizipiga lipu ya saruji unaufungia unyevu ndani mpaka boriti zinaoza. Tafuta fundi wa chokaa, na pata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujagusa kitu.

Nyumba ya urithi ina jambo lake. Kodi isigawiwe yote. Kubalianeni na warithi wote, wa hapa na wa Maskati, kwamba fungu fulani linabaki kwa ajili ya nyumba kabla mtu hajapata chake, na liwe kwenye akaunti peke yake. Kila mwezi nawatumia ndugu zangu picha ya ukurasa wa daftari: kilichoingia, kilichotoka, risiti ya fundi. Hakuna aliyeniomba, lakini dada aliye mbali ana haki ya kujua bati limegharimu kiasi gani.

Mpangaji akishindwa kulipa, zungumza naye mapema, mbele ya shahidi, na muandikiane upya. Akikaidi, nenda kwa sheha na kisha kwenye vyombo vya sheria. Usikate umeme wala usimng'olee mlango watoto wakiwa ndani. Hilo ni dhulma, na tena litakuponza wewe uliyekuwa na haki.

Na likitokea la kutokea, mpangaji akafariki, mke wake ataingia eda ya miezi minne na siku kumi, na anatakiwa aikae pale alipokuwa akiishi na mumewe. Kwetu ilitokea. Hatukugusa suala la kuhama mpaka alipomaliza, ingawa mkataba ulikwisha katikati na kulikuwa na mtu anayekitaka chumba. Mambo ya fedha tulizungumza na kaka wa marehemu. Deni la kodi hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, kwa hiyo tulipeleka daftari na mkataba wenye saini yake mwenyewe, wakahakiki. Upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo ilikuwa imeandikwa dhamana aliyoiweka alipoingia. Ile ilikuwa mali ya warithi wake, tukawakabidhi.