Nilikutana na mavyaa wangu wa zamani kwenye treni, nimjibu ama nimblock?

Mwanangu wa Nairobi, barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na kabla sijakujibu wacha niwaeleze wenzetu kwa ufupi yaliyomkuta.

Huyu dada aliachika 2018, ndoa ya miaka sita hawakujaliwa mtoto, mawifi wakamsema wakamchoka na mamake mume akanyamaza kimya. Akafungasha akaondoka bila hata kumuaga yule mama aliyemfunza kupika. Sasa kaolewa tena, ana bwana mzuri. Juzi kabla ya Idd akapanda treni ya mchana aende Mombasa kumuona mamake, na waliopanda ekonomi ya SGR wanajua siti zinatazamana, magoti yanakaribia kugusana, basi treni haijatoka Syokimau nani anakuja kukaa mbele yake, ni mavyaa wake wa zamani, katoka kliniki, na kifuko chake cha mahamri mkononi. Tiketi ina namba ya siti na treni imejaa, utahamia wapi? Mpaka Mtito Andei hakuna aliyesema zaidi ya salamu. Halafu kule Tsavo wakatokea ndovu wamejaa lile vumbi jekundu, mama akamshika mkono amuonyeshe na ule mkono hakuuachia tena, akamwambia "nilinyamaza mwanangu, nisamehe." Wakalia wote wawili mbele za watu. Kufika Miritini wakapeana namba.

Sasa kila asubuhi mama anatuma voice note, amelalaje, amekula nini. Wiki iliyopita akaongeza kwamba mwanawe hali yake si nzuri na anamtajataja. Mume wa sasa hajui lolote, na dada anauliza amblock huyu mama ama afanyeje, na kwa nini alilia vile kwa mtu aliyedhani ameshamsahau.

Usimblock, mwanangu. Ulilia kwa sababu wewe talaka ilikuachisha na watu wengi siku moja, mume ulimlilia ukamaliza, lakini huyu mama hakuna aliyekupa nafasi ya kumlilia. Watu wakiulizia wanaulizia mume tu, kana kwamba miaka sita ulikuwa unaishi na yeye peke yake. Ule msamaha mimi nauamini kabisa. Nyumbani kwake ana wanawe wa kike, ana majirani, ana heshima ya mwanawe ya kulinda, neno kama lile angelisemea wapi? Kwenye treni ni saa tano hivi, wasiokujua wamekuzunguka, hakuna wa kumkatiza, mtu anatoa alilolibeba miaka.

Lakini hapo hapo ndipo nataka ukae macho, manake safari ina mwisho wake na simu haina. Yale ya kwenye treni yalikuwa yenu nyinyi wawili. Haya ya "anakutaja" ni ya mtu wa tatu, na sidhani mama ana nia mbaya, ni mzazi tu anaona mwanawe anadhoofika na anamkumbuka mkamwana mwema. Nia njema lakini itakuvunjia nyumba. Mwambie kwa sauti yako, usiandike meseji, atasoma vibaya: "Mama nakupenda na nimekusamehe, nitakupigia kila Ijumaa nikujulie hali, lakini habari za mwanao naomba usiniletee, nina mume na namuheshimu." Asipokuelewa mara ya kwanza rudia maneno yale yale bila hasira. Akiendelea, punguza simu, si kumkata. Na usijibu hata "mpe pole", hiyo pole itafika kule imekuwa kitu kingine kabisa.

Mumeo sasa. Hapa nasema kwa ukali kidogo kwa sababu nakuonea huruma, kila siku unayopita bila kumwambia unaifanya salamu ya mama mzee ionekane kama siri ya mwanamume. Akiiona simu mwenyewe utaeleza nini? Mueleze yote, hadi kulia, hadi hilo la kutajwa, na umpe asikie hizo voice note akitaka. Anaweza kukasirika siku mbili tatu, mwache akasirike, ana haki ya kuumia kwamba ulimficha. Akisema hataki kabisa uongee na mama, usibishane usiku ule ule. Muombe amsikie mama mwenyewe kwenye simu, amsalimie, wanaume wengi hupoa wakishasikia ni bibi anauliza umekula nini.

Kwenda kule nyumba ya zamani usiende, hata ukiambiwa mama anaumwa, mpaka mumeo ajue na mwende pamoja. Mkitaka kuonana ukiwa Mombasa kutaneni kule ufukweni Mama Ngina jioni, mle mihogo yenu ya pilipili na madafu mbele za watu, kila mmoja arudi kwake kabla ya magharibi. Na mamako mzazi pia mwambie, asije akayasikia sokoni kabla hujamueleza wewe.

Anza na mumeo, leo leo akitoka kazini akishakula, kisha ndio umpigie mama. Uniandikie alivyosema.