Maneno ya Mapangoni: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vijana wa Dar es Salaam wanaojiandaa kwenda kwenye mapango ya Amboni, Tanga. Tumeokota zile zinazouliza maneno, maana pangoni ukilielewa neno vibaya unaweza kuacha kamba nyumbani.

Pango, shimo na handaki vinatofautianaje? Kwetu vyote ni shimo. (Msomaji, Tabata)

Handaki limechimbwa na watu. Pango ni uwazi wa asili ndani ya mwamba, mkubwa kiasi cha mtu kupita. Neno shimo tunalitenga kwa maana moja: ni sehemu ya pango inayoshuka wima, usiyoweza kuishuka kwa mikono na miguu. Kiongozi akisema "mbele kuna mteremko", jiandae kukaa kitako na kusota. Akisema "mbele kuna shimo la mita 8", anazungumzia kamba, na kamba yenyewe ni ile isiyovutika, ya nailoni, unene wa milimita 10 hadi 11. Ya kupandia milima, inayovutika, itakurusha juu chini kama mpira na kusagika kwenye kona ya jiwe kila unapopanda. Ya mkonge iacheni, hata kama mnakwenda Tanga: ikishika unyevu huoza, tena kwa ndani, usione. Penye kona kali weka kitambaa kizito kati ya kamba na jiwe. Na mwisho wa kamba piga fundo kubwa, kwa sababu kamba ikiwa fupi kuliko shimo, mshukaji asiyeona chini huteleza moja kwa moja hadi nje ya ncha yake.

Nachanganya stalaktiti na stalagmiti. Ipi iko juu? (Dada wa Sinza)

Sikiliza mwisho wa neno. *Miti* huota kutoka chini, basi stalagmiti husimama sakafuni. *Titi* la ng'ombe huning'inia, basi stalaktiti iko darini. Zikikutana zinaitwa nguzo. Maji yakitiririka kwenye dari iliyoinama, badala ya kudondoka mahali pamoja, huacha bamba jembamba lenye mikunjo, nalo ni pazia.

Chanzo chake wengi hukisema vibaya, kwamba maji hukauka yakaacha chokaa. Mara nyingi sivyo. Mvua hupita kwenye udongo, ikabeba hewa ya kaboni dioksaidi na kuwa tindikali dhaifu inayoyeyusha mwamba wa chokaa. Tone likifika kwenye uwazi wa pango, ile hewa hutoka, na maji hayawezi tena kushikilia chokaa yote yaliyoibeba. Kidogo hubaki darini kama pete. Pete juu ya pete hufanya mrija mwembamba wa kama milimita 5, mtupu katikati. Mrija ukiziba, maji hupita nje yake na umbo hunenepa kama karoti. Stalagmiti haina tundu hilo la katikati, kwa hiyo kipande kilichovunjika unaweza kukitambua kwa kukitazama kwenye mkato.

Kukua kwake ni kwa sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, au hata chini ya hapo. Msiziguse: mafuta ya vidole huzuia maji kutandaa juu ya jiwe, nalo huacha kukua na kubaki na doa jeusi.

Ni kweli ukiingia pango la Amboni unaweza kupita chini kwa chini ukatokea Mombasa? (Msomaji, Mbagala)

Hapana. Upimaji wa Wajerumani na Waturuki mwaka 1994 ulikuta mapango 10, na refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100.

Kwenye ramani ya pango nimeona "kituo 7–8, m 12, nyuzi −30". Inasomwaje? (Mwanafunzi, Mlimani)

Kituo ni alama ya kupimia, iliyowekwa mahali ambapo mpimaji aliyepo anaonana bila kizuizi na mwenzake wa kituo kinachofuata. Kati ya vituo viwili huchukuliwa vipimo vitatu: urefu kwa futi kamba, mwelekeo kwa dira, na mwinamo kwa klinomita. Alama ya kutoa maana yake njia inashuka. Hapo mmeteremka mita 6 (12 mara saini, yaani sin, ya nyuzi 30), na kwenye ramani ya kutazama kutoka juu mstari uwe na mita 10.4 (12 mara kosaini, yaani cos, ya nyuzi 30). Kosa la wanaoanza ni kuchora zile 12 zote, na pango likavimba kwenye karatasi. Ila katika jumla ya urefu wa pango, 12 ndiyo inayohesabiwa.

Dira ndiyo hudanganya zaidi. Helmeti yenye chuma, tochi ya kichwani, hata miwani yenye chuma, vyote huvuta sindano. Ikikosea nyuzi 2 tu, kwa kila mita 10 kituo kinasogea sentimita 35 pembeni. Dawa yake ni kusoma mara mbili, kwenda na kurudi: masomo hayo yapishane nyuzi 180. Yakizidi au kupungua zaidi ya nyuzi 2, rudieni palepale, kwa sababu mkishafika nyumbani hamtajua nani alikosea.

Wazo Hill kuna mawe ya chokaa. Mbona hatusikii mapango? Na "karsti" ni nini? (Msomaji, Tegeta)

Karsti ni nchi ambayo maji yameyeyusha mwamba wake hadi vijito vinazama ardhini. Jina limetoka uwanda wa Kras, mpakani mwa Slovenia na Italia. Chokaa peke yake haitoshi. Lazima kuwe na nyufa za kupitisha maji, mahali pa chini pa kutokea, na muda mrefu sana. Vijipango vya kingo za visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni jambo jingine: huchongwa na mawimbi.

Popo ni mwenyeji wa pango? (Msomaji, Kigamboni)

Ni mgeni, kwa lugha ya wataalamu trogloxeni: hulala ndani, hula nje. Troglobiti ndiye mwenyeji hasa, asiyeweza kuishi nje, mara nyingi kipofu na mweupe. Penye kinyesi kikavu cha popo msitimue vumbi, vaeni barakoa ya N95. Kuvu waliomo huleta histoplazimosisi. Homa na kikohozi vikianza siku 3 hadi 17 baadaye, mwambie daktari uliingia pangoni, kwani kwenye picha ya kifua ugonjwa huo hufanana na kifua kikuu.

Tochi ya simu inatosha? (Msomaji, Ubungo)

Haihesabiwi. Kila mtu abebe taa tatu zinazojitegemea, moja kichwani, pamoja na betri za akiba.